Bakuli la Baba na Lile Jingine

Marafiki, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Cha ajabu ni kwamba uso wenyewe unatabasamu. Kwa hiyo nivumilieni. Nitasimulia taratibu kama ilivyotokea, ili nisije nikairuka sehemu inayonishushia heshima. (Zote zinanishushia heshima. Lakini moja imezidi.)

Kwanza mjue haya machache, la sivyo hamtaelewa kilio wala kicheko.

Baba yangu alifariki mwaka jana hapa Johannesburg. Alikuwa amekuja kukaa nasi Bertrams baada ya mama kututangulia. Alipozidiwa alituita, mimi na mume wangu Kioko, akatuambia kwa sauti ileile aliyozoea kuitishia chai: "Nikifa msinisafirishe kwa ndege kama mzigo. Wala msinizike ugenini. Nichomeni, halafu mtanibeba mkienda nyumbani."

Tulimbishia. Akasema, "Anayekufa ni mimi. Nyinyi mna haraka gani ya kuniamulia?"

Mzee wa Kitaita akishaamua, ameamua. Tukafanya alivyotaka.

Kwetu Taita habari hiyo ilipokelewa vibaya, na aliyeipokea vibaya kuliko wote ni Shangazi Mghoi, dada yake wa pekee. Alinipigia simu, akauliza swali moja: "Nitamlilia wapi kaka yangu, Wakesho? Kwenye kopo?" Akakata. Krismasi ikapita bila salamu. Mwaka mpya ukapita.

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Baba alikuwa kwenye kopo. Kopo la plastiki, la kijivu, lenye kifuniko cha kuzungusha, tulilokabidhiwa kule alikochomewa. Tulilitandikia kitambaa cha kufuma, tukaliwekea na maua pembeni. Lakini kopo ni kopo. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama mle ndani kuna sukari.

Sasa, mimi kazi yangu ni ya bima, mnajua. Ila Jumamosi huwa najifunza ufinyanzi kwenye karakana moja hapahapa Bertrams, umbali wa kutembea tu. Mwalimu wetu anaitwa Nomsa. Siku moja nilimwona akichanganya kijiko cha majivu kwenye mpako, yaani ule uji unaopakwa juu ya chombo cha udongo, ambao ukipata moto mkali hugeuka kuwa kioo. Nikamuuliza ni majivu ya nini. Akaniambia ni ya mama mmoja wa Soweto, wanawe wameomba atiwe kwenye jagi la maua. Akanieleza kwamba majivu ya mifupa yakishayeyuka na kile kioo hayatoki tena. Hayamwagiki, hayafutiki. Utaliosha jagi, utalipanguza, na mtu wako yumo.

Nilirudi nyumbani nikalitazama lile kopo. Nikamwambia Kioko, "Nitamtoa baba humo."

Kioko alinitazama. Ni mtu wa Machakos, mpole, hapendi kubishana na jambo lililoanza kwa sauti ile. "Sawa," akasema. "Lakini ukimharibu, kwa shangazi yako utaenda peke yako."

Hata Nomsa alinionya. "Usianze na baba yako," aliniambia. "Makosa ya kwanza yafanye kwa mifupa mingine."

Basi nikaanza na ng'ombe. Kila tulipowasha braai, hii nyama choma ya huku ya nyuma ya nyumba, nilikusanya mifupa kwenye sahani za wageni kabla hata hawajanawa mikono. Nikaichoma tena hadi ikawa myeupe, nikaitwanga kwenye kinu, nikaichekecha. Jirani aliniona nikitwanga mifupa uani nimevaa barakoa na glavu. Tangu siku hiyo ananisalimu kutoka ng'ambo ya barabara.

Mabakuli ya kwanza yalitoka yamekaa kama yametapikiwa. Sisemi kwa kujishusha, Nomsa ndiye aliyetumia neno hilo. Nikaendelea. Mengine yakapasuka, mengine yakagandana na kigae yalichokalia tanurini. Hadi wiki ya baada ya Pasaka likatoka moja zuri. Rangi ya maziwa, na ndani ya hayo maziwa buluu kidogo, kama mshipa kwenye mkono wa mtoto.

Hapo ndipo nilipolifungua kopo. Nikachota vijiko vichache vya baba. Nilimchekecha nikilia, barakoa ikalowa. (Sikupiga chafya. Naomba hilo likumbukwe siku ya hukumu.)

Bakuli lake limetoka tanurini wiki hii. Nisikilizeni. Nimezaa, nimesoma, nimenunua nyumba katika nchi ya watu, lakini sijawahi kushika kitu nikajiona mtu kama nilivyoshika bakuli lile. Lilikuwa bado na joto. Umbo ni lilelile la bakuli la ng'ombe, maana Nomsa hutufundisha kurudia umbo hadi mkono uzoee. Rangi karibu ileile. Ila ndani, kuanzia ukingoni hadi katikati, kulikuwa na kitu cheupe kilichoshuka polepole kikaishia bila mpaka. Nomsa alilipeleka mlangoni penye mwanga, akaligeuza, akalirudisha. "Eish," akasema. Mwanamke huyo hasifu ovyo. Nilitembea hadi nyumbani nimelikumbatia, na kwenye robot, yaani taa za barabarani, kijani kiliwaka mara mbili sijavuka.

Wakati huohuo Kioko alikuwa amefanya lake. Alimpigia shangazi kwa siri, akamtumia nauli, akamwambia, "Njoo uone mwenyewe, halafu ukasirike ukiwa umeona." Shangazi akaja. Alitua juzi, na koti la baridi na kapu lililofungwa kamba. Tulipomkumbatia alikumbatika kama mlango. Alipofika sebuleni hakulitazama kopo. Akasema, "Nimekuja kuona. Sijaja kukubali."

Nikasema moyoni, ngoja Jumamosi.

Jumamosi ndiyo leo.

Nilikuwa nimealika watu wa kanisa letu la Yeoville, lile la ibada ya Kiswahili. Kina mama wa kwaya, na Mchungaji Amani, ambaye ni mtu wa Bukavu, mkarimu, mwenye sala ndefu na hamu nzuri ya kula. Mpango ulikuwa rahisi. Watu wanywe chai. Mimi nitoe hotuba. Shangazi afunue bakuli lililofungwa kwa leso ya marehemu mama. Alie. Anisamehe. Tule chapati.

Asubuhi nikiwa jikoni nikalifungua bakuli la baba nilitazame kidogo. (Sikuwa nalitazama kwa mara ya kwanza. Wala ya pili.) Halafu, kwa kiburi tu, nikaliteremsha na lile la ng'ombe kutoka rafuni, nikayaweka sambamba mezani nipate kujipongeza kwa jinsi mkono wangu ulivyokomaa. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka, mvuke ukanifunika miwani, nikaivua. Mara mlango ukagongwa, kwaya hiyo, wanaingia na vyombo vya vyakula na "Bwana asifiwe" kila pembe. Nikashika bakuli, nikalifunga leso haraka, nikafunga fundo zuri kabisa.

Kioko akaingia. "Njugu niweke kwenye nini?"

"Chukua hilo bakuli hapo mezani," nikamwambia bila kugeuka. "Ni la majaribio tu."

Naomba mlisome tena hilo. Mume wangu aliuliza. Mimi ndiye niliyejibu.

Sebule ilijaa. Shangazi alikaa kwenye kiti cha dirishani, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Mchungaji Amani alikaa kwenye kochi, karibu na meza ndogo, na bakuli la njugu lilikuwa mkono wake wa kulia. Baada ya chai nikasimama.

Marafiki, nilihutubia. Nilianza na kuzaliwa kwa baba. Nikaingia kwenye udongo, kwamba tumetoka mavumbini. Nikafika kwenye mikono yangu. "Mikono hii," nikasema, nikainyanyua waione, "ndiyo iliyomtoa baba kwenye kopo ikampa umbo." Mama mmoja wa kwaya akasema amina. Nikapata nguvu. Nikaeleza joto la tanuri. Nikaeleza jinsi mwana anavyomjua mzazi wake hata akiwa unga. Nilisema hivyo kabisa. Hata akiwa unga.

"Njugu hizi ziko tamu," nikamsikia mchungaji akimnong'oneza Kioko.

Nikampa shangazi lile fundo. Akalifungua taratibu, na alipoitambua leso ya wifi yake akaipapasa kwanza. Bakuli likatokea. Akalishika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba ukingoni, akazunguka nalo hadi alikoanzia. Kisha akaliinua, akaliweka shavuni.

"Umekuwa laini, kaka," akasema. "Wewe uliyekuwa mkali vile."

Akalia. Alilia kilio alichokuwa ameenda nacho kila mahali tangu mwaka jana bila kupata pa kukiweka. Akaliambia bakuli mambo. Akaliambia amekasirika. Akaliambia shamba la chini amelipanda, asiwe na wasiwasi. Akaliomba radhi kwa neno fulani alilolitamka siku mama yao alipozikwa, neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia, na ambalo sitaliandika hapa. Halafu akaanza wimbo wa Kidawida, lugha ya kwetu Taita, kwa sauti nyembamba, na kina mama wa kwaya, wasiojua hata neno moja la Kidawida, wakamwitikia kwa mvumo wa sauti ya chini hadi wimbo ukasimama imara.

Nilikuwa nimeegemea ukuta natiririka machozi. Na katikati ya machozi, Mungu anisamehe, nilikuwa najisifu. Nilijiambia: Wakesho, hii kazi umeiweza.

Mchungaji akaomba sala ndefu. Akashukuru kwa maisha ya mzee. Akashukuru kwa mikono ya fundi. (Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa bandia.) Tukasema amina.

Shangazi akajifuta macho. Akiwa ametulia sasa, akafanya jambo ambalo mwanamke yeyote anayejua vyombo hulifanya. Akaligeuza bakuli chini juu, kutazama kama lina ufa.

Wafinyanzi huandika kwenye kitako cha chombo kilichomo, ili wasichanganye.

Shangazi akaliweka mbali na macho, urefu wa mkono, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma somo kanisani kwao.

"Jaribio."

Akasogeza kidogo kwenye mwanga.

"Ng'ombe."

Mimi nilinyoosha mkono kulichukua, nikachelewa.

"Braai ya Pasaka." Akainua kichwa. "Braai ni nini?"

Ningeweza kusema ni mto. Ningeweza kusema ni jina la malaika. Lakini Mchungaji Amani, ambaye hana hila hata kidogo, akamsaidia.

"Iko nyama ya kuchoma, mama."

Shangazi akalitazama bakuli. Akanitazama mimi. Akalitazama tena bakuli.

"Nimemlilia ng'ombe?"

"Shangazi..."

"Wakesho, nakuuliza taratibu. Mimi nimetoka Wundanyi, nimepanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nimekuja kuomba radhi kwa kitoweo?"

Hotuba yote ile na sasa sina hata neno. Mama mmoja wa kwaya alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yalikuwa yanacheza, na nilijua wazi kwamba halii.

"Na kaka yangu yuko wapi?"

Hapo ndipo akili yangu ilipokimbia kurudi jikoni. Mvuke. Miwani. Mlango. *Chukua hilo hapo mezani.* Nikamgeukia Kioko. Kioko alikuwa ameshafika huko kabla yangu. Alikuwa anaitazama ile meza ndogo kama mtu anayetazama gari lake likivutwa na polisi.

Wote tukaitazama meza.

Mchungaji Amani alikuwa na mkono ndani ya bakuli. Alituona tukimtazama. Akatazama bakuli, akatazama mkono wake, na taratibu sana taya lake likaacha kutafuna.

"Dada Wakesho," akasema, shavu moja limejaa. "Hii bakuli niko nakulia ndani yake. Iko nani?"

"Ni baba, mchungaji."

Masikini mtu wa Mungu. Kumeza hawezi, kutema hawezi. Alitutazama mmoja mmoja akitafuta anayejua Maandiko yanasemaje. Mwishowe akafumba macho, akameza.

"Aksanti," akasema. Mpaka sasa sijui alikuwa anamshukuru nani.

Nikaanza kueleza mbiombio kwamba ni salama, kwamba yumo ndani ya kioo, hatoki, kwamba Nomsa aliliosha jagi la yule mama wa Soweto kwa sabuni. Hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Shangazi alikuwa amesimama.

Alimpa Kioko bakuli la ng'ombe kama unavyomrudishia mtu mtoto wake aliyelowa. Akavuka sebule. Akalitazama bakuli la pili. Akamwambia mchungaji, "Kinga mikono." Mchungaji akakinga. Shangazi akamimina njugu zote kwenye viganja vyake, hadi zikafurika zikaangukia mapajani juu ya Biblia. Akachukua pembe ya leso yake, akapanguza ndani, chumvi yote, akapanguza na ukingo. Akaligeuza chini kwanza. Leo hadanganywi tena. Akasoma.

"Baba."

Nilikuwa nimeandika hilo tu.

Akaenda nalo dirishani. Alitupa mgongo, akakaa hivyo muda ambao kwangu mimi ulikuwa mrefu kuliko mwaka wote aliokataa kunipigia simu. Nilijitayarisha. Nilijua nitasemwa, na kwamba nitasemwa kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kidawida, na nilijua kwamba kila neno nitakuwa nimelistahili.

"Yaani wewe," akasema. Alikuwa anazungumza na bakuli. "Hata ukifa, lazima ukae karibu na chakula."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia tena. Nikamkaribia, nikaona meno.

Shangazi Mghoi alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika pazia. Kwaya nzima, iliyokuwa imejizuia kwa nguvu za Roho, ikaachia. Kioko akaketi sakafuni na ng'ombe wake. Hata mchungaji akacheka, kwa tahadhari, maana mikono yake ilikuwa bado imejaa njugu na hakuna aliyemwambia azipeleke wapi.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa natafuta ufa kwenye sakafu unaotosha mtu mzima.

"Njoo hapa," shangazi akaniambia.

Nikaenda. Alikuwa ameliinamisha bakuli kuelekea mwanga wa dirisha, na kidole chake kilikuwa ndani, kwenye kile kitu cheupe kinachoshuka kutoka ukingoni.

"Huu ni ukungu wa Wundanyi," akasema. "Alfajiri. Kabla jua halijafika kilele cha Vuria. Unaujua?"

"Naujua, shangazi."

"Nani alikufundisha kuupaka?"

"Sikuupaka. Ametoka nao motoni. Ni yeye mwenyewe."

Akanitazama. Mara ya mwisho kunitazama hivyo nilikuwa mtoto, nimeteka maji bila kutumwa.

"Lile jingine ni zuri," akasema. "Lakini hili ni yeye. Ng'ombe hana ukungu."

Marafiki, mimi nimewahi kupewa cheti na tuzo kazini, na mkurugenzi akanishika mkono, watu wakapiga makofi. Chukueni vyote hivyo. Niachieni sentensi hiyo.

Na haikuishia hapo. Shangazi aliingia chumbani akarudi na lile kapu lililofungwa kamba, lile ambalo tangu aje hakutaka mtu alibebe. Ndani kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko udongo mwekundu, umefungwa kwa kitambaa. Ulitoka kando ya kaburi la nyanya, mama yao, mahali ambapo baba angelala kama angezikwa kwetu. Sikuuliza umepitaje uwanja wa ndege. Kuna maswali ambayo mtu mwenye adabu hayaulizi.

"Nilikuja kuutia kwenye kopo lenu kwa siri," akasema, bila haya yoyote. "Alale na kwao. Halafu nirudi zangu, tusisemezane hadi tufe."

Nikachota kidogo. Nikautia maji ya kunywa yaliyokuwa mezani, nikaukanda kwa vidole, nikauviringisha ukawa kama kamba nyembamba, nikaizungusha kidoleni. Haikupasuka.

"Unashika," nikasema.

"Unashika nini?"

"Unaweza kufinyangwa, shangazi. Huu si udongo wa kupanda mahindi tu. Ni udongo wa chungu."

Akafikiri. Watu wote wakamngoja afikiri.

"Basi mfanyie kifuniko," akasema. "Mfunike na udongo wa mama yake. Hawezi kukaa wazi hivi, watu wakamfanya sahani." Akamtupia mchungaji jicho, na mchungaji akainama. "Kikiwa tayari mtamleta nyumbani, nyote, mimi nitakuwa nimeandaa pa kumweka. Na chini uandike vizuri. Kwa herufi kubwa."

Tukala chapati. Wakati wa kuondoka, mmoja wa kina mama wa kwaya, Mama Espérance, alinivuta pembeni karibu na jiko. Alikuwa yuleyule wa mtandio. Akaniambia mama yake alizikwa Uvira wakati yeye yuko njiani kuja huku, hakumzika, na kurudi bado hawezi. Hana majivu. Ana kitenge chake tu.

"Kitenge ukikichoma," akaniuliza, "kinatoa majivu?"

"Kinatoa."

"Yatatosha?"

"Kijiko kinatosha."

Alinishika mkono, huu wa kulia, akaubinyabinya kama anayepima kitu sokoni, akaenda zake.

Nilimpigia Nomsa nikamsimulia yote. Nikasikia kitu kikianguka kule karakana, nadhani ni yeye. Alipopata pumzi akasema, "Sharp," yaani sawa, "leta huo udongo Jumamosi ijayo." Akaongeza kwamba sasa naweza kujiita fundi, maana mwanafunzi huharibu chombo, fundi huharibu sherehe.

Lililobaki lilikuwa lile bakuli la ng'ombe. Nilikuwa nalirudisha rafuni, mbali kabisa, nyuma ya sufuria, shangazi akaniona.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Namficha, shangazi. Nimeaibika naye vya kutosha."

"Mlete hapa. Ninaondoka naye kwetu."

"Huyu? Shangazi, huyu ni ng'ombe."

"Najua ni ng'ombe," akasema, akinyoosha mikono. "Lakini nimeshamwambia mambo yangu yote. Siwezi kumwacha katika nyumba ya watu."

Nikampa. Akamfunga kwenye leso ya mama, fundo lilelile.

Basi ndiyo hivyo. Nimewaambia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa kwaya. Mkishindwa kujizuia, nawaomba mcheke kwa sauti ya chini. Shangazi amejilaza chumba cha pili, kuta zetu ni nyembamba, na kwa ninavyosikia, bado hajamaliza kuzungumza na ng'ombe.